Iron 883 au Iron 1200? Uzoefu wangu na Sportster kwenye milima ya Colorado

Watu wengi wanaoniuliza kuhusu pikipiki yangu huanza na hoja moja: "Mimi bado mgeni kwenye pikipiki kubwa, kwa hiyo bora nichukue injini ndogo, itakuwa rahisi kuimudu." Kwa pikipiki nyingine hoja hiyo ina mashiko. Kwa Sportster za Harley-Davidson zinazopozwa kwa hewa, haina. Iron 883 na Iron 1200 ni Sportster za aina hiyo, na namba ni ukubwa wa injini kwa cc; zikiwa na mafuta na oili, kila moja ina uzito wa karibu kilo 256. Fremu ni moja, tenki ni lilelile la lita 12.5, tairi la mbele inchi 19 na la nyuma inchi 16 kwa zote mbili. Ukiilaza 883 kwenye maegesho utahenyeka kuinua mzigo uleule anaouinua mwenye 1200. Injini ndogo hapa haikupi pikipiki ndogo.

Nina Iron 1200 ya mwaka 2019, niliyoinunua mkononi hapa Denver. Rafiki yangu Mkenya ninayeendesha naye ana Iron 883. Tunabadilishana mara kwa mara tukiwa njiani, kwa hiyo nimezijua zote mbili kwenye kona zilezile, upepo uleule na joto lilelile. Hilo ni tofauti na kuipanda pikipiki dakika kumi kuzunguka duka, ambapo kila kitu kinaonekana kitamu.

Kwanza tofauti yenyewe. Injini zote mbili ni za silinda mbili zilizokaa kwa umbo la V la nyuzi 45, na pistoni inasafiri umbali uleule, milimita 96.8. Kilichopanuliwa ni kipenyo cha silinda tu: milimita 76.2 kwa 883, milimita 88.9 kwa 1200. Upana huo ndio unaoleta nguvu ya kuvuta. Ya 883 iko kwenye Nm (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu hiyo) 70 hivi, ya 1200 inakaribia Nm 100, na zote zinaitoa nguvu hiyo mapema, kabla injini haijafika mizunguko 4,000 kwa dakika. Ili kuisaidia ndogo, kiwanda kimeipangia gia fupi zaidi. Ndiyo maana mjini hutaiona kuwa legevu. Taa ikiwaka kijani pale Colfax Avenue, 883 inaondoka vizuri kabisa, na kwa foleni ya kusimama na kwenda naipenda kuliko yangu, kwa sababu mkono wa mafuta haushtuki. Ya 1200 ukiigusa vibaya kwenye lami yenye maji, unaisikia nyuma inavyotaka kuponyoka.

Sasa tutoke mjini, kwa sababu hapo ndipo uamuzi wangu ulipofanyika.

Denver iko mita 1,609 juu ya usawa wa bahari. Ukishika barabara kuu ya I-70 kuelekea magharibi unapanda Floyd Hill, unapita Idaho Springs na Georgetown, kisha unaendelea kukwea mpaka Handaki la Eisenhower, karibu mita 3,400. Injini isiyo na tabo (kifaa cha kuisukumia injini hewa zaidi) hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu zake kwa kila mita 300 unazopanda, kwa kuwa hewa inazidi kuwa nyepesi. Kompyuta ya pikipiki inajua hilo na inapunguza mafuta yalingane na hewa iliyopo, ila haina namna ya kuongeza hewa ambayo haipo. Piga hesabu: ukifika kwenye handaki umeshapoteza kama theluthi moja. Nm 70 za 883 zimebaki 47 hivi. Za 1200 zimebaki kama 66. Maana yake, 1200 ikiwa juu kule inavuta karibu sawa na 883 iliyoko Tanga au Houston, penye hewa nzito ya pwani. Hii ndiyo hesabu ambayo sikuiona kwenye tangazo lolote, na ndiyo inayofaa kumwongoza mtu wa milimani.

Mimi ni mtu wa Iringa. Nimekua nikiona malori yanavyoteseka Kitonga, kwa hiyo najua mlima unavyoweza kuitoa roho injini. Kupanda kuelekea handaki ukiwa juu ya 883, peke yako, kunawezekana bila shida kubwa: unashusha hadi gia ya nne, unaiacha injini ingurume, unakwenda. Ila mke wangu akikaa nyuma na mikoba miwili ikiwa imejaa makoti ya mvua, habari inabadilika. Gia ya nne haitoshi, unaingia ya tatu, mizunguko inapanda, mtetemo unakuja mikononi na kwenye nyayo, na kwenye kioo cha pembeni unaona gari zinakujia kwa kasi. Kuovateki lori kunahitaji kupangwa kama safari. Kwenye 1200, mzigo uleule, sehemu ileile, nabaki gia ya nne, wakati mwingine hata ya tano, na bado nina akiba mkononi. Akiba hiyo siitaki kwa ajili ya mbio. Naitaka ili lori likianza kuhamia kwenye njia yangu niweze kuondoka hapo mara moja.

Na kuna uchovu. Kwa kuwa 883 ina gia fupi, kwenye barabara tambarare ukienda maili 75 kwa saa, yaani kama kilomita 120, injini inazunguka zaidi kuliko ya 1200 kwa mwendo huohuo. Tangu 2004 injini za Sportster zimefungwa juu ya raba, kwa hiyo si ule mtetemo wa zamani wa kulegeza meno, lakini tofauti kati ya hizi mbili ipo na baada ya saa mbili unaisikia kwenye vidole. Rafiki yangu hutaka tusimame kabla yangu.

Kushuka nako kuna neno. Zote mbili zina diski moja tu mbele, na diski moja kwa kilo 256 pamoja na watu wawili si ya kuichezea. Shusha kwa gia, breki iwe ya kumalizia. Madereva wa malori wa kwetu wana kanuni kwamba mlima unashukwa kwa gia uliyoupandia, na mimi naifuata hapa Marekani bila kupunguza chochote. Kwa soko la Marekani ABS, yaani breki zinazozuia gurudumu lisijifunge, ilikuwa ya kulipia zaidi, kwa hiyo pikipiki nyingi za mkononi hazina. Mimi niliitafuta yenye ABS mpaka nikaipata, na ningekushauri usubiri kama nilivyosubiri.

Wanaochagua 883 ili wabane mafuta, tofauti ni ndogo kuliko mnavyodhani. Takwimu za kampuni ni maili 51 kwa galoni kwa 883 na 48 kwa 1200, sawa na kilomita 21 na ushee kwa lita dhidi ya 20 na ushee. Milimani pengo hilo linazidi kufifia, kwa sababu ndogo inakamuliwa muda wote. Kwa tenki la lita 12.5, mimi huanza kutafuta kituo nikiwa nimeenda kilomita 190 hivi, yoyote kati ya hizo mbili. Na angalizo kwa wageni wa Colorado: pampu ya bei nafuu huku ni oktani (kiwango cha ubora wa petroli) 85. Harley inataka 91. Usibonyeze kitufe cha kwanza unachokiona.

Bei pia haikuwa mbali. Mwaka 2018, Iron 1200 ilipoingia sokoni, ilianzia dola 9,999, na 883 ilikuwa dola 8,999. Dola elfu moja si pesa ya kuchezea, lakini mtu aliyenunua 883 kisha akataka nguvu zaidi hutumia zaidi ya hapo. Leo kiwandani hazitoki tena: mwaka 2021 ilikuja Sportster S yenye injini mpya inayopozwa kwa maji, 2022 ikafuata Nightster ya cc 975, na injini hizi za hewa zikaachwa. Kwa hiyo unachagua sokoni, mkononi kwa mtu, na huko bei inategemea utunzaji kuliko ukubwa wa injini.

Jambo linalowashangaza wengi: Iron zote mbili zilitoka kiwandani na siti ya mtu mmoja, bila hata pa kukanyagia abiria. Ukitaka kumbeba mwenzako, hesabu siti ndefu, vikanyagio na shokapu bora za nyuma. Hizi zilizokuja nazo zinacheza sentimita 4 hivi tu, na ukipita kwenye shimo mgongo unapokea kila kitu. Siti na shokapu ndivyo vitu vya kwanza nilivyobadilisha, na mke wangu aliacha kulalamika tulipofika Evergreen. Pia joto: silinda ya nyuma iko karibu na paja, na kwenye foleni ya Julai 1200 inachoma zaidi. Vaa suruali nzito. Helmeti pia vaa, hata kama sheria ya Colorado inamruhusu mtu mzima kuiacha nyumbani.

Kuna muuzaji mmoja aliniambia mbele ya mke wangu kwamba 883 ni "pikipiki ya wanawake". Maneno hayo yalinikera na bado yananikera. Kwanza, kina mama ninaowaona wakikwea Lookout Mountain wanaendesha chochote wanachotaka, tena kwa kona safi kuliko wengi wetu. Pili, maneno hayo humsukuma kijana anunue injini asiyoihitaji ili tu asichekwe. Anayeishi Houston au Florida, kwenye nchi tambarare ya usawa wa bahari, anayeendesha peke yake kwenda kazini, atafurahia 883 miaka mingi bila kukosa kitu. Ningekuwa huko ningenunua hiyo na pesa iliyobaki ningeiweka kwenye shokapu. Kwa anayeishi Denver na anabeba abiria, nasema bila kuzunguka: chukua 1200.

Ukienda kukagua, sikiliza injini ikiwa ya baridi, mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Angalia meno ya puli na kingo za mkanda wa nyuma kama zimepasuka. Kwa iliyotengenezwa kabla ya 2007 jua kwamba ni ya kabureta, na ikiwa imetoka jimbo la pwani itahitaji fundi aipange upya kwa hewa ya huku, la sivyo itakuwa inakula mafuta na kutoa moshi.

Mwisho, utakutana na 883 "iliyofanywa 1200". Inawezekana, na ni kazi ya kawaida, kwa kuwa safari ya pistoni ni ileile: zinawekwa silinda na pistoni pana, kompyuta inapangwa upya. Ikifanywa vizuri inapendeza, na kama gia fupi zimeachwa zilivyo inachomoka kuliko yangu, ingawa kwenye barabara kuu itazunguka zaidi. Omba risiti ya fundi inayoonyesha silinda na pistoni zilizofungwa, na ushahidi kwamba kompyuta ilipangwa baada ya kazi hiyo. Muuzaji akikosa karatasi hizo, ihesabu kuwa ni 883 na umlipe bei ya 883.