Uzoefu Wangu na Bangi ya Tiba Minnesota: Huduma, Gharama na Suala la Uhamiaji

Tathmini hii nimeiandika kwa ajili ya wagonjwa wenzangu wanaoishi Minnesota, hasa Wakenya, Watanzania na Wakongomani wa Brooklyn Park, Brooklyn Center na vitongoji vingine vya Minneapolis, ambao huulizana kwa sauti ya chini kama bangi ya tiba ni salama kwao na inapatikanaje kwa njia halali. Nilijisajili katika mpango wa jimbo mwaka 2021 nikiwa katikati ya matibabu ya saratani ya matiti, na bado nimo. Huduma ya wafamasia wa duka ninalolitumia ni miongoni mwa huduma bora nilizopata tangu niugue. Bei ilinielemea. Jambo lililo zito kuliko yote, yaani uhusiano wa dawa hii na hadhi ya mtu ya uhamiaji, halikutajwa na yeyote hospitalini wala dukani, na ndilo lililonisukuma kuandika.

Kwanza ieleweke kwamba sheria ya Minnesota ilianza kwa tahadhari kubwa. Gavana Mark Dayton aliitia saini mwezi Mei 2014, na mgonjwa wa kwanza akahudumiwa tarehe 1 Julai 2015. Kampuni mbili tu ndizo zilizopewa ruhusa ya kulima, kutengeneza na kuuza, na magonjwa yaliyokubaliwa yalikuwa machache: saratani yenye maumivu makali, kichefuchefu au kukonda kupita kiasi, kifafa, UKIMWI, glakoma, mikazo mikali ya misuli, ugonjwa wa utumbo uitwao Crohn na mengine kadhaa. Maumivu sugu yasiyotibika kwa njia nyingine yaliongezwa mwaka 2016, na msongo unaotokana na mateso au vita ukafuata mwaka 2017, jambo lililowagusa wengi waliokimbia mapigano kwao. Uvutaji ulikatazwa kabisa. Mgonjwa alipewa vidonge, mafuta au mvuke, na majani makavu hayakuruhusiwa hadi tarehe 1 Machi 2022. Mimi sikuiona tahadhari hiyo kuwa kero. Nilikulia katika nyumba ambamo bangi ilikuwa jambo la polisi na aibu ya ukoo, na kama ningeambiwa nisokote na kuvuta, nadhani ningekataa papo hapo.

Kujisajili hakukuwa kugumu, ila mwanzo wake ulinichosha. Daktari wa Minnesota haandiki cheti cha dawa kama anavyoandika cha dawa nyingine. Kazi yake wakati huo ilikuwa kuthibitisha kwamba mgonjwa ana ugonjwa uliomo katika orodha ya jimbo, na mengine yote yaliamuliwa na mgonjwa pamoja na mfamasia. Pamoja na wepesi huo, daktari wa kwanza niliyemwomba alikataa, akisema kwamba kituo chake hakijihusishi na mpango huo, na hakunielekeza kwa mwingine. Nilibaki na kichefuchefu changu wiki nzima kabla muuguzi mmoja hajanong'oneza kwamba si lazima athibitishe daktari bingwa wa saratani, kwani hata muuguzi mwenye mamlaka ya kutibu anaruhusiwa. Nadhani hospitali inayokataa kushiriki ina wajibu wa kumwambia mgonjwa ni wapi pa kwenda. Baada ya kuthibitishwa nilipokea barua pepe kutoka Idara ya Afya ya jimbo, nikajaza fomu, nikatuma nakala ya kitambulisho na kulipa ada. Wakati huo ada ilikuwa dola 200 kwa mwaka, au dola 50 kwa wanaopokea msaada wa serikali kama Medical Assistance, yaani bima ya afya ya wenye kipato kidogo. Ada hiyo ilifutwa mwaka 2023, kwa hiyo anayeanza sasa hakutani na kizuizi hicho.

Sasa nizungumzie duka lenyewe, kwa maana hapo ndipo nilipopata nilichokuwa nikikitafuta. Nilitarajia mahali pa kificho, nikakuta chumba safi chenye mlango wa kufunguliwa kwa ukaguzi wa kitambulisho, viti vya kusubiri, na vyumba vidogo vya faragha kwa mazungumzo. Sheria ilimtaka mfamasia mwenye leseni akae na mgonjwa mpya kabla ya kumuuzia chochote. Mfamasia wangu alikuwa na subira ya ajabu. Aliniuliza dawa zote ninazotumia, moja baada ya nyingine, hata dawa za mitishamba ambazo mama mdogo alikuwa amenitumia kutoka Kisii na ambazo sikuwa nimewahi kumtajia daktari. Alipofika kwenye warfarin, niliyokuwa nikiitumia kwa sababu damu iliganda mguuni wakati wa matibabu, alisimamisha kalamu. Alinieleza kwamba CBD, kemikali ya bangi isiyolevya, huweza kupunguza kasi ambayo ini huivunja warfarin, ikabaki nyingi mwilini na kumweka mgonjwa katika hatari ya kutokwa na damu. Hakuniuzia siku hiyo hadi nilipompigia simu daktari wangu, tukakubaliana kwamba kipimo cha kuganda kwa damu kifanywe mara kwa mara katika majuma ya mwanzo. Kipimo kilipopanda, kiwango cha warfarin kikapunguzwa. Anayenunua kwa mtu wa mtaani hapati mazungumzo kama hayo, na kwa mgonjwa anayetumia dawa nyingi, mazungumzo hayo yana thamani kuliko bidhaa yenyewe.

Alinianzishia kiwango kidogo sana, chenye uwiano wa THC, kemikali ya bangi inayolevya, na CBD ulioandikwa wazi kwenye chupa, akaniambia niongeze polepole. Mafuta ya kudondosha chini ya ulimi yalinifaa kuliko vidonge. Kidonge hupita tumboni na kwenye ini kwanza, hivyo huchukua saa moja au mbili kabla ya kufanya kazi, na mtu mwenye kichefuchefu anaweza kukitapika kabla hakijamsaidia. Tena kikishaanza, hukaa muda mrefu, na anayekosa subira akimeza kingine juu yake hujikuta amezidiwa usiku kucha. Kwa kichefuchefu kilichofuata kila awamu ya dawa za kemo, mafuta yalinipa nafuu ya kweli. Nilianza kula uji, kisha ugali kidogo na mboga, na uzito ukaacha kushuka. Lakini ganzi na maumivu ya kuchoma kwenye vidole vya miguu, ambayo nayo yaliletwa na kemo, hayakubadilika sana. Nayasema yote mawili kwa sababu nimesikia watu wakidai kwamba bangi huponya saratani yenyewe, na wapo waliotamani kuacha matibabu kwa ajili ya dai hilo. Mimi nilitibiwa kwa upasuaji, kemo na mionzi. Bangi ilinisaidia kuvumilia.

Kabla ya kila ununuzi nilijibu maswali ya jimbo kwenye intaneti kuhusu dalili zangu na madhara niliyoyapata. Maswali yalikuwa kwa Kiingereza, nami nakisoma bila shida, lakini mzee mmoja wa kanisani kwetu alilazimika kumtegemea mjukuu wake, na kuna mambo ya mwili ambayo babu hapendi kumwambia mjukuu. Katika duka langu sikuona karatasi hata moja ya maelezo kwa Kiswahili. Hilo ni pengo la kuzibwa. Upande wa urahisi, tangu mwaka 2021 sheria inaruhusu ushauri kwa simu au video na kuchukua dawa ukiwa ndani ya gari, na hilo liliniokoa siku ambazo kinga yangu ya mwili ilikuwa chini. Mume wangu naye aliweza kunichukulia dawa. Mtu mwingine anayeteuliwa kuwa mlezi hupitia uchunguzi wa rekodi za uhalifu.

Gharama ni kilio cha wengi. Bima haikulipa hata senti moja, Medical Assistance hailipi, na kadi za mkopo hazikupokelewa, kwa hiyo nilikwenda na pesa taslimu. Mara nyingi nililipa zaidi ya dola 100 kwa mafuta yasiyomaliza mwezi, na kuna wakati bidhaa niliyoizoea ilikosekana, nikapewa nyingine yenye uwiano tofauti na kuanza upya kutafuta kiwango. Walio mbali na miji waliteseka zaidi. Mwanzoni vituo vya kuuzia dawa hii vilikuwa vinane tu katika jimbo zima: Minneapolis, St. Paul, Bloomington, Eagan, Rochester, St. Cloud, Moorhead na Hibbing. Mgonjwa wa Worthington, mji wenye wahamiaji wengi wanaofanya kazi katika kiwanda cha nyama, hakuwa na kituo cha karibu na ilimbidi aendeshe gari kwa saa kadhaa kwenda na kurudi. Sheria ya mwaka 2019 iliongeza idadi hadi vituo 16, ikaruhusu pia kununua dawa ya siku 90 kwa mara moja, na hapo safari zikapungua.

Nifike kwenye suala la uhamiaji. Mimi nilikuwa nimekwisha kula kiapo cha uraia wa Marekani miaka kadhaa kabla ya kuugua. Mwenzangu tuliyeketi naye katika chumba cha kemo alikuwa na grini kadi, na alikuwa akijiandaa kuomba uraia. Ugonjwa wetu ulikuwa mmoja, jimbo letu moja, lakini hatukuwa mbele ya sheria ileile. Serikali ya shirikisho iliiweka bangi katika kundi la dawa zilizokatazwa kabisa kwa sheria ya mwaka 1970, na tarehe 19 Aprili 2019 idara ya uraia na uhamiaji, USCIS, ilitoa mwongozo unaosema kwamba kutumia au kumiliki bangi kunaweza kumfanya mwombaji wa uraia aonekane hana mwenendo mwema, hata kama jimbo lake linaruhusu. Hakuhitajiki hukumu ya mahakama; kukiri tu mbele ya ofisa kunaweza kutosha. Mwenye grini kadi anayesafiri kwenda Nairobi au Dar es Salaam na kuulizwa uwanjani anaporudi anaweza pia kujitia matatani kwa jibu moja. Kudanganya nako ni kosa jingine, pengine kubwa zaidi. Kwa hiyo asiye raia azungumze na wakili wa uhamiaji kabla ya kujisajili na kabla ya kununua. Mwenzangu alifanya hivyo, akashauriwa asitumie, na daktari wake akambadilishia dawa za kawaida za kuzuia kutapika. Zilimsaidia kiasi. Nilisikitika sana kuona kwamba nafuu niliyoipata mimi yeye alinyimwa kwa sababu ya karatasi.

Kazini napo kuna tofauti ya namna hiyo. Sheria ya Minnesota inamkataza mwajiri kumwadhibu mgonjwa aliyesajiliwa kwa sababu tu kipimo kimeonyesha bangi, ilimradi hakuitumia wala hakulewa kazini. Lakini madereva wa malori wako chini ya kanuni za shirikisho, na usajili wa jimbo hauwakingi. Ndugu zetu wengi wanaendesha malori, na wengine wamejua hili baada ya kupoteza kazi. Vilevile dawa hii haivuki mpaka wa jimbo wala haipandi ndege, na kuibeba kwenda Kenya au Tanzania ni kujitafutia kifungo.

Tangu tarehe 1 Agosti 2023, baada ya Gavana Tim Walz kutia saini sheria mpya, mtu mzima mwenye umri wa miaka 21 au zaidi anaweza kumiliki bangi bila ugonjwa wowote, na watu wameniuliza kwa nini sijauacha usajili wangu. Mgonjwa aliyesajiliwa halipi kodi ya mauzo wala kodi maalumu ya bangi, na kwa anayenunua kila mwezi tofauti hiyo inaonekana. Pia nina haki ya kuzungumza na mfamasia anayelijua faili langu, anayekumbuka warfarin yangu na ambaye, nilipomaliza matibabu, alinisaidia kupunguza kiwango hatua kwa hatua. Sasa natumia matone machache usiku, siku ambazo maumivu ya miguu hayaniachi nilale, na mafuta ya chupa moja hunitosha kwa miezi miwili.