Kiki nzito kwenye biti ya hip-hop: pesa yako ianzie wapi hapa Nairobi

Produsa chipukizi akishapata akiba yake ya kwanza huuliza swali lile lile: ninunue nini ili kiki yangu, yaani ule mlio wa ngoma nzito ya chini kwenye biti, igonge kama zile zinazotikisa viti vya nganya (matatu zenye muziki mkubwa) za Rongai na Umoja? Nitajibu bila kuzunguka. Nunua kwanza kitu cha kukuwezesha kuisikia kiki, halafu ndipo ununue cha kuitengeneza. Kiki nyingi dhaifu ninazosikia zimepikwa na mtu mwenye kipaji na programu nzuri kabisa, ila hakuwa akisikia chochote cha maana chini ya Hz 80 (Hz ni idadi ya mitetemo ya sauti kwa sekunde; ikiwa ndogo, sauti ni nzito). Nimezipanga bidhaa hizi kwa kufuata wazo hilo.

1. Hedifoni za studio

Nguvu ya kiki ya hip-hop hukaa kati ya Hz 45 na 65 hivi. Wimbi la sauti la Hz 50 lina urefu wa karibu mita 7. Sasa fikiria bedsita ya Roysambu au Pipeline: upana wa mita 3, kuta za mawe, sakafu ya taili. Chumba chenye mita 3 kutoka ukuta hadi ukuta huvuma chenyewe karibu na Hz 57, pale pale kiki ilipo. Ukiketi ukiwa umeegemea ukuta, kiki inajaa masikioni, unaipunguza. Ukivuta kiti hadi katikati ya chumba, imepotea, unaiongeza. Biti ni ile ile, kilichobadilika ni kiti. Hakuna spika itakayokuokoa na jambo hilo, hata iwe ya bei gani.

Hedifoni haziguswi na chumba, na msimamizi wa ploti hatakugongea mlango saa sita usiku.

Chaguo langu la kwanza ni Audio-Technica ATH-M40x. Besi yake haijatiwa chumvi sana, na waya wake unachomoka, kwa hiyo waya ukikatika unanunua waya tu. Ndugu yake ATH-M50x inasisimua zaidi, lakini huko chini inaongeza kidogo, na ukiizoea utaanza kutengeneza kiki nyembamba. Ya pili ni Beyerdynamic DT 770 Pro, ambayo inashuka chini vizuri na haichoshi masikio hata ukiivaa mchana kutwa. Hapo soma boksi kwa makini: zipo za ohm (kipimo cha ukinzani wa umeme) 32, 80 na 250. Ya 250 ukiichomeka kwenye simu au laptopu ya kawaida itasikika kwa mbali. Chukua ya 32 au 80. Ya tatu ni Sony MDR-7506, kali sana kwa kusikia mgongo wa kiki, ule mlio wa "tak" wa mwanzo, ila sehemu ya chini kabisa haikupi yote.

Usifanye kazi hii kwa wufa ya sebuleni. Imeundwa ifurahishe, kwa hiyo inavimbisha besi ya kila kitu. Biti itakayosikika tamu hapo itakuwa imekonda kila mahali pengine.

Kwenye maduka ya Luthuli Avenue utapata hedifoni za majina haya kwa bei ya kushangaza, na mara nyingi bei hiyo ndiyo inayokuambia kwamba ni za bandia. Nenda na simu yenye wimbo unaoujua vizuri wa faili la WAV (sauti kamili isiyobanwa), chomeka, sikiliza kabla ya kulipa, na udai risiti na waranti. Muuzaji anayekataa usikilize hajakuacha na la kufikiria.

2. Sampuli za kiki

Sampuli ni sauti fupi zilizorekodiwa tayari kutumika kwenye biti. Hapa ndipo shilingi kidogo inafanya kazi kubwa. Kiki nyingi za hip-hop ya leo zina asili katika Roland TR-808, mashine ya ngoma iliyotoka mwaka 1980 na kusimamishwa 1983 baada ya kuuzwa kama 12,000 hivi. Huna haja ya kuitafuta, kwani sauti yake imerekodiwa na kuuzwa kwa namna nyingi.

Pakiti ndogo yenye leseni, hata kama ina kiki 20 tu, naipendelea kuliko flashi yenye maelfu ya sauti zilizonakiliwa ovyo, nyingine zikiwa MP3 zilizopoteza uzito. Dai WAV ya biti 24 (hapa biti ni kipimo cha undani wa rekodi, si mdundo). Kwa huduma za sampuli za kulipia kila mwezi kama Splice, asiye na kadi ya benki anaweza kutumia kadi ya Visa ya M-Pesa GlobalPay, iliyokuja mwaka 2022.

Kabla ya kuichagua kiki, itazame wimbi lake. Ikiwa kilele kimekatwa bapa kutoka mwanzo hadi mwisho, aliyeitengeneza ameshaimaliza na wewe hutakuwa na nafasi ya kuongeza kitu. Halafu angalia noti. Kiki ya 808 yenye mkia mrefu lazima ikubaliane na ufunguo wa wimbo. Noti ya A iko Hz 55, G iko Hz 49, F karibu Hz 44. Biti ya F itavuma ajabu ndani ya nganya lakini itapwaya kwenye spika ndogo, ndiyo maana mara nyingi nashauri kuihamisha hadi G au A kabla ya kununua kifaa chochote kipya.

3. Plagini ya kutia ukali

Spika ya simu hupoteza karibu kila kitu kilicho chini ya Hz 200, na wasikilizaji wako wengi wako kwenye simu. Plagini ni programu ndogo inayoongezwa ndani ya programu ya kutengenezea muziki; ile ya saturesheni, yaani kuikwaruza sauti kidogo, huizalishia kiki ya Hz 50 mawimbi ya juu yake: 100, 150, 200 na kuendelea. Simu inacheza yale ya juu, na sikio lenyewe linajaza msingi uliokosekana. Anza na za bure: Saturation Knob ya Softube au IVGI ya Klanghelm. Mwenye programu ya muziki ya FL Studio tayari ana Fruity Soft Clipper. Za kulipia, kama RBass ya Waves, zisubiri.

4. Monita

Monita ni spika za studio. Ukihamia chumba kikubwa chenye mapazia mazito na kochi, zinunue. Yamaha HS5 ni safi, lakini karatasi yake ya vipimo inaanzia Hz 54, maana yake ile F ya Hz 44 hutaisikia. HS8 inashuka hadi Hz 38 ila inahitaji nafasi. Kwa chumba cha kawaida, KRK Rokit 5 au JBL 305P MkII, zote zikianzia Hz 43, ndizo ningechukua. Ukinunua za mtumba kutoka Marekani, soma nyuma: zilizoandikwa 120V pekee zitaungua kwenye stima yetu ya 240V.

5. Mashine za ngoma

MPC One ni nzuri kwa vidole na mdundo, lakini padi, vile vitufe vya kugonga, hazibadilishi uzito wa sauti. Hata ule ukwaruzo wa SP-1200, mashine ya mwaka 1987, ulitokana na undani wa biti 12 tu na kasi ndogo ya kurekodi ya kHz 26.04, kitu ambacho plagini ya kupunguza biti inakusogezea karibu. Ukiamua kununua ya mtumba, gonga kila padi kwa nguvu kisha kwa ulaini. Padi iliyochoka hutoa ukubwa mmoja wa sauti hata ukiigusa kidogo, na ukiikuta hata moja, mwambie muuzaji akuletee mashine nyingine.