Helmeti nzuri, duka la hovyo: uzoefu wangu wa kutafuta spea ya kioo Kariakoo

Jamani, kama unaendesha pikipiki na kioo cha helmeti yako kimeanza kulegea, soma hii kabla hujaingia Kariakoo na hela yako.

Helmeti niliinunua kwenye hilohilo duka ninalolisema, upande wa Gerezani, zamani kidogo. 180,000, na sikulia bei. Naendesha mwenyewe kutoka Mbezi hadi mjini, na anayeijua Morogoro Road asubuhi anajua nilichokuwa nanunua. Risiti niliandikiwa kwa mkono kwenye karatasi ya daftari, nikaambiwa mashine imeisha karatasi. Sawa. Nikaondoka na helmeti yangu, na kwa muda mrefu sikuwa na neno.

Kilichokufa ni kidude ambacho wengi hata hawajui kipo. Ukiinua kioo, pembeni kule chini yake kuna kibao cha plastiki chenye meno, ndicho kinachokishikilia kioo pale ulipokiachia, hatua kwa hatua. Hakizidi kisoda. Cha kushoto kilikatika jino moja, halafu la pili, na kuanzia hapo kioo kikawa na akili zake. Nikipanda daraja la Ubungo upepo unakifungua chenyewe, vumbi lote machoni. Mvua ikinyesha nikikiinua kidogo nipate hewa, kinaanguka pwaa, ukungu ndani, sioni taa ya lori iliyo mbele yangu. Mtu unaweza kufa kwa kisoda.

Nikarudi dukani.

"Habari kaka, naomba spea ya hapa." Nikamwonyesha.

Hakuinua uso kwenye simu. "Hiyo haina spea, anti. Chukua mpya."

"Mpya ya nini na helmeti nzima? Nataka hiki kibao tu."

Ndipo akaniangalia, juu mpaka chini, na jaketi langu la kuendeshea. "Mwambie shemeji akununulie nyingine. Hiyo ushaichosha."

Vijana waliokaa kwenye boksi wakaangua kicheko. Shemeji! Shemeji gani? Pikipiki ni yangu, leseni yangu, kichwa changu, na ile 180,000 aliyoihesabu mara mbili mbele yangu ilitoka kwenye pochi yangu. Siku ile nilikuwa bosi, leo nimeleta tatizo nimekuwa mke wa mtu.

Ningeondoka hapo ingekuwa afadhali kwa roho yangu, lakini akamwita kijana wake: "Dogo, hebu mpigie gundi huyo." Sijamaliza kusema subiri, supagluu imeshamwagwa kwenye meno, kioo kimefungwa chini "kikauke". Sasa ile gundi inatoa mvuke, na mvuke ukikosa pa kutokea unaganda. Kufungua, sehemu yote ya ndani upande wa kushoto imekuwa nyeupe. Dogo wala hakushtuka. Akachukua kitambaa kwa fundi wa jirani, kimelowa petroli, akasugua.

Petroli! Kioo cha helmeti si kioo, ni plastiki, nyingi ni polikaboneti, na polikaboneti na petroli havikai nyumba moja. Thina vilevile. Mpaka nafika Mbezi jioni kulikuwa na nyufa nyembambanyembamba zimeanzia kwenye matundu ya skrubu zinapanda juu, na kila taa ya gari inayokuja inapasukia humo vipandevipande. Mtu anauza vifaa hivi kutwa nzima na hajui vinasafishwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini? Au anajua na hajali? Bora angekuwa hajui.

Kesho yake nikarudi nacho dukani. Akaninyooshea kidole karatasi iliyobandikwa ukutani: mali ikishauzwa hairudishwi. Nikamwambia, kaka, sirudishi mali, narudisha uharibifu wako. "Dada una maneno mengi." Akageukia mteja mwingine. Pole, samahani, hata ya uongo, hakuna. Duka nyota moja, na hiyo ni kwa sababu ya kivuli.

Helmeti yenyewe lakini nisiionee. Chapa sitaji, wasije wakasema nimetumwa. Ganda ni zuri, foma ya ndani ni ile ngumu inayobonyea siku ya ajali na kutoa maisha yake kwa ajili ya kichwa chako. Zile za 25,000 unazovalishwa ukipanda boda, nyingi ukipeleka vidole ndani unakuta sponji tupu, godoro. Na kwenye mkanda wa kidevu kuna lebo ya kitambaa iliyoshonwa, ina E ndani ya duara, alama ya kupimwa usalama, na namba ya nchi iliyoithibitisha (1 ni Ujerumani, 3 Italia, 9 Hispania), halafu namba ndefu inayoanza na 05, ikifuatiwa na P, maana yake kidevu nacho kinalindwa. Mpya kabisa sasa zinaanza na 06. Hiyo ndiyo ya kuitafuta, siyo stika ya DOT nyuma, yaani ya idara ya usafirishaji ya Marekani. Hata huko inakotoka, DOT mtengenezaji anajithibitishia mwenyewe, na stika inachapwa popote. Muuzaji akikubandulia lebo nyingine toka droo, kimbia.

Sponji za mashavu zinatoka, nafua kwa mkono, naanika kivulini. Siitundiki kwenye saiti mira, maana ncha yake inabonyeza foma. Bado inanibana mashavu kama siku ya kwanza. Kwa hiyo helmeti, nyota nne.

Hapana. Nne za nini? Nimezunguka Kariakoo nzima natafuta kibao cha kisoda. Helmeti ya bei hiyo ambayo spea yake haipo mjini, siku jino likikatika ni kofia tu. Sasa hivi natembea bila kioo, miwani machoni, wadudu wa jioni napokea kwa mdomo. Mbili.

Mtu pekee aliyenisikiliza ni mzee mmoja wa kibanda, mbele kidogo huko. Nilimwamkia, akaitika, akasema, "Leta niione, mwanangu." Ana boksi la vipande vya helmeti zilizokufa. Akafungua skrubu polepole kwa bisibisi ndogo, akaikwangua gundi yote kwa ukucha, kisha akanionyesha jambo: vioo vingi vinafanana kwa macho, lakini pima umbali wa tundu na tundu. Cha karibu-karibu kitaingia, kitapiga mluzi njiani, na siku moja kitachomoka na upepo. Alikuwa nacho kimoja cha kunifaa, akataka 25,000, ila kibao alichokuwa nacho ni cha kulia. Cha kulia changu ni kizima! Tulicheka mpaka nikasahau hasira. Akakataa hela ya kufungua skrubu.

Huyu mzee nyota tano, na nikishapata kibao helmeti nitairudishia nne zake. Yule mwingine aendelee na simu yake.

Natafuta kibao cha kushoto, matundu mawili ya skrubu, meno matano. Kioo nitachukua cha mzee, ni cheupe; cheusi sitaki, narudi usiku. Mwenye helmeti iliyokufa ganda lakini pembeni nzima, aseme bei. Nitakuja mwenyewe, sitamtuma shemeji.