Mafuta ya mwarobaini bustanini: dawa ya mwenye subira

Anayenunua mafuta ya mwarobaini akitarajia kuamka kesho na kukuta wadudu wamelala chali chini ya mche wa nyanya, bora atunze pesa zake. Hii si dawa ya kuangusha, ni dawa ya kukata kizazi. Kwa bustani ya nyumbani inayosumbuliwa na vidukari (ndio hao wadudu mafuta), inzi weupe, vidung'ata au utitiri, ni vigumu kupata chupa nyingine ya asili inayofanya kazi nyingi kiasi hiki. Lawama nyingi zinazotupiwa mafuta haya chanzo chake ni vitu vitatu: chupa kuwa siyo, mchanganyo kuwa mbovu, au saa ya kupulizia kuwa mbaya.

Chupa kwanza. Mafuta yaliyokamuliwa kwenye mbegu bila kupashwa moto huwa mazito, rangi yake ni ya kahawia, na yananuka kama kitunguu saumu kilichochanganywa na kiberiti. Harufu hiyo inakera, lakini ni dalili njema. Ndani yake mna azadiraktini, kiambata kinachofanya kazi kubwa. Kuna aina nyingine iliyosafishwa, nyepesi na isiyonuka sana, ambayo azadiraktini yake imeshaondolewa. Hiyo huua kwa kumfunika mdudu hadi akose hewa tu, basi. Haifai kuitwa bandia, ila usiilipie bei ya ile ya kwanza. Aina ya tatu ni dawa ya kiwandani iliyopimwa azadiraktini, kuanzia sehemu 300 kwa milioni hadi 10,000 au zaidi. Kwa hiyo fuata kipimo cha kwenye lebo, maana vipimo vya hapa chini ni vya mafuta yaliyokamuliwa tu.

Azadiraktini humkata mdudu hamu ya kula, kisha huvuruga homoni inayomwezesha kujivua gamba ili akue. Mdudu mchanga anakwama katikati ya makuzi na kufa. Aliyekomaa anaweza kuendelea kutembea kwenye jani kwa siku kadhaa, na hapo ndipo wengi hukata tamaa. Usihesabu maiti. Angalia majani mapya: yakichipua yamenyooka, bila kujikunja wala kunata, dawa inafanya kazi hata kama majani ya zamani bado yana wadudu.

Sasa mchanganyo, ambako ndiko mambo huharibika. Kwa lita 1 ya maji unahitaji mililita 5 za mafuta, yaani kijiko kimoja cha chai, na mililita 1 hadi 2 za sabuni ya maji isiyo kali. Mafuta yakiwa yameganda kwa baridi, simamisha chupa kwenye maji ya uvuguvugu. Usiichemshe, kwa sababu moto huharibu azadiraktini. Koroga mafuta na sabuni kwanza, peke yake, hadi vishikane. Ndipo uongeze maji ya uvuguvugu kidogo kidogo huku ukikoroga. Ukianza na maji, mafuta yatapanda juu na hayatashuka tena.

Mchanganyo uliokubali una weupe kama wa maziwa yaliyozimuliwa. Ukiona macho ya mafuta yanaelea, usipulizie. Bomba hunyonya kutoka chini, kwa hiyo mimea ya mwanzo itapata maji matupu na ya mwisho itapata mafuta matupu, na hiyo ya mwisho ndiyo itakayoungua. Hata mchanganyo mzuri hujitenga ukitulia, kwa hiyo tikisa chupa kila baada ya dakika chache. Sabuni ya unga ya kufulia iache kabisa: ina magadi mengi, na azadiraktini haivumilii magadi. Na kwa kuwa azadiraktini huvunjika ikikaa ndani ya maji, changanya kiasi cha siku hiyo tu na ukimalize ndani ya saa chache. Kilichobaki hadi kesho ni maji yenye harufu.

Pulizia jioni, jua likiwa limelegea. Jua hula azadiraktini ndani ya siku chache, na jani lenye mafuta likipigwa na jua kali huungua kingo. Jioni pia nyuki wamesharudi mzingani. Hata hivyo, usilenge maua. Elekeza nozeli chini ya majani, maana huko ndiko vidukari na inzi weupe wanakokaa, na lowesha hadi matone yaanze kudondoka. Kupulizia juu ya majani peke yake ni kuosha majani.

Kabla ya kupulizia bustani nzima, jaribu majani mawili matatu na usubiri saa 24 hadi 48. Miche michanga, mimea iliyonyauka kwa kiu na ile iliyohamishwa juzi iache ipone kwanza. Na kama umetumia salfa (dawa ya ukungu), pisha wiki mbili, kwani salfa na mafuta vikikutana juu ya jani, jani ndilo linaloumia.

Rudia kila baada ya siku 7, mara tatu. Sababu ni mayai: dawa haiyamalizi, kwa hiyo awamu ya pili na ya tatu ni za kuwapokea wanaoanguliwa. Mvua ikinyesha usiku uleule, rudia. Kama sisimizi wanapanda na kushuka kwenye shina, washughulikie nao, kwa sababu wanawachunga vidukari kwa ajili ya majimaji yao matamu na kuwafukuza wadudu kobe ambao wangekusaidia bure.

Jina la mwarobaini linawapa watu imani ya kutibu magonjwa arobaini. Bustanini yanatibika machache. Ubwiri unga, ule ukungu mweupe juu ya majani, hupungua ukiuwahi, ungali madoa machache. Bakajani, mnyauko wa bakteria na virusi havitikisiki. Kantangaze, kiwavi wa nondo wa nyanya, akishajichimbia ndani ya jani au tunda la nyanya, mafuta hayamfikii vizuri. Mitego na kung'oa majani yaliyoathirika vina faida zaidi. Konokono hawajali. Sota anayekata miche usiku hujificha kwenye udongo, nako bomba la majani halifiki.

Mwenye mti wake anaweza kujitengenezea. Gramu 500 za viini vya mbegu vilivyotwangwa, lita 10 za maji, loweka usiku kucha, chuja kwa kitambaa, ongeza sabuni kidogo na upulizie jioni hiyo. Mbegu ziwe zimekaushwa kivulini, zisiwe na ukungu, na zisizidi mwaka mmoja. Ni kazi ya mikono, lakini matokeo yake hayapishani sana na ya chupa. Majani nayo hutumika, kilo 1 kwa lita 5, ila nguvu yake ni ndogo zaidi kuliko ya mbegu. Usiyalaumu yakishindwa na inzi weupe waliokwisha kujaa.

“Asili” haimaanishi haidhuru. Mafuta haya ni hatari kwa samaki, kwa hiyo usioshee bomba karibu na bwawa. Mtoto akiyanywa anaweza kutapika na hata kupata degedege. Chupa ikae juu, imefungwa. Vaa glavu. Yanawagusa pia wadudu rafiki wenye miili laini, kwa hiyo pulizia mmea wenye shida, si bustani nzima kwa mazoea. Mboga utakayochuma kesho usiipulizie leo, kwa sababu uchungu wake haukubali kuoshwa kirahisi.

Nunua chupa ndogo. Ikishafunguliwa, iweke mahali penye giza na ubaridi na uandike tarehe ubavuni. Ile kubwa ya bei nafuu hukaa muda mrefu stoo, na ikifika nusu unakuwa umebaki na harufu bila dawa.