Siku nne kwa baiskeli na miguu, Tanga hadi Ushongo: uzoefu wangu

Nianze na fedha, maana ndiyo kila mtu ananiuliza kwanza. Nililipa shilingi 780,000, na mdogo wangu kiasi hichohicho, kwa siku nne na malazi ya usiku tatu. Safari inaanzia Tanga mjini na kuishia Ushongo, ng'ambo ya Mto Pangani. Kuna vipande vya baiskeli na vipande vya miguu, na mizigo inatangulia kwa gari. Kwenye bei hiyo waliahidi baiskeli, kofia ngumu, milo yote, kiongozi, na mashua ya kwenda kisiwa cha Maziwe siku ya mwisho. Kampuni sitaitaja. Nina madai nao na wameshaanza kunijibu, basi tumalizane wenyewe.

Tulikuwa sita: sisi wawili kutoka Dar, mtu na mkewe wa Arusha, na madada wawili wa Mombasa ambao kila tukisema baiskeli wao walisema baisikeli, na hadi tunaagana hakuna aliyekubali kushindwa. Kiongozi wetu alikuwa mtu mzima wa hukohuko pwani, mvuvi wa zamani. Siku ya kwanza tulimwita Bwana Kiongozi, hadi mmoja wa wale madada akamwita Ami, yaani baba mdogo, naye akaitika. Tangu hapo akawa Ami wa wote.

Kosa la kwanza lilikuwa langu. Nilichagua katikati ya Agosti kwa sababu ndipo nilipopata likizo. Agosti ni msimu wa kusi, upepo wa kusini. Nimezaliwa Dar na neno nalijua tangu utotoni, lakini kulijua kusi ukiwa ndani ya daladala ni kitu kingine. Tunatoka Tanga tunaelekea kusini, na upepo unatoka hukohuko kusini. Kufika kilomita ya kumi nakanyaga pedeli kama napanda mlima, na barabara tambarare kabisa. Nikamuuliza Ami mbona hatuendi. Akacheka. "Mwanangu, hili ni kusi. Wewe unalifuata linakotoka."

Hapo ndipo nilipoielewa ratiba ya kampuni, na ndipo nilipoanza kuikasirikia. Mwaka mzima safari ni ileile, Tanga kwenda Ushongo. Kuanzia Desemba hadi Machi, wakati wa kaskazi, upepo unakusukuma mgongoni. Agosti ungeanzia upande wa Ushongo kurudi Tanga, na mambo yangekuwa rahisi. Ni kugeuza tu. Ami anasema ameshawaambia. Alichoweza kufanya yeye ni kutuamsha mapema, tukawa barabarani saa kumi na mbili kasoro, kabla upepo wa baharini haujapata nguvu. Ikifika saa nne tuko kivulini na madafu.

Siku ya kwanza ni kilomita 30 hivi hadi Kigombe. Tanga mjini kuendesha ni raha: mji tambarare, na watu wake wamezoea baiskeli, dereva anakupisha bila kukutukana. Baadaye tuliiacha barabara kuu tukafuata njia za ndani, minazi upande huu na mkonge upande ule, hadi Tongoni.

Tongoni nilikuwa nimepita mara mbili kwa gari bila kushuka. Ni magofu ya msikiti na makaburi zaidi ya 40, kazi ya karne ya 14 na 15 hivi, mawe ya matumbawe na chokaa. Nguzo za makaburi nyingi zimelala chini. Sogea karibu uone vishimo vya mviringo kwenye kuta: humo mlipachikwa bakuli za kauri zilizoletwa na majahazi. Bakuli hazipo, alama imebaki, kama pengo la jino. Ami hakutuhutubia. Alisimama upande wa baharini akatuonyesha kule kwenye mafungu, akasema ni pande hizo ambako Vasco da Gama, mwaka 1499 akirudi kutoka Bara Hindi, aliichoma meli yake São Rafael. Mabaharia walikuwa wameisha kwa kiseyeye, waliobaki hawakutosha kuendesha meli tatu. Dada mmoja wa Mombasa akadakia kwamba kwao huyo bwana hakupokewa vizuri, waliompokea ni wa Malindi. Alisema kama mtu anayemsema jirani.

Kilomita chache mbele, pancha. Tairi la nyuma la mdogo wangu. Kijana wa kampuni aliyekuwa nyuma yetu na begi la vifaa akatoa tyubu mpya, akaipima, akakuna kichwa. Tyubu ni ya inchi 26, tairi ni la 29. Akatoa nyingine: 26. Alikuwa nazo nne, zote 26, na baiskeli zetu zote sita ni 29. Mdogo wangu akaisukuma hadi kwenye mwembe mmoja ambapo fundi alikuwa na karai la maji, pampu ya mguu na vipande vya tyubu kuukuu vimening'inia kwenye msumari. Akaichomoa tyubu, akaijaza upepo, akaizamisha kidogo kidogo karaini huku akiizungusha, hadi vipovu vikatoka kimoja kimoja mahali padogo kuliko kichwa cha pini. Akapakausha, akapasugua kwa msasa, solusheni, kiraka, akagonga kwa nyundo. Dakika kumi na tano, shilingi 1,000, na kiraka hicho kilifika Ushongo. Gia za baiskeli yangu hakuweza kuzitengeneza. Ya tatu ilikuwa ikiruka yenyewe kwenda ya tano, na breki ya mbele ilikuwa ya kutishia tu.

Kigombe tulilala nyumba ya wageni, safi, chandarua kina tundu moja nililolifunga kwa kibanio cha nywele. Chakula tulikula kwa mama mmoja kijijini: wali wa nazi, pweza wa nazi, bamia, pilipili ya embe. Kama safari nzima ingekuwa mlo ule nisingelalamika hata neno. Usiku barazani mazungumzo yakawa silikanti, yule samaki ambaye wataalamu walidhani ametoweka pamoja na madinosari hadi alipovuliwa mmoja Afrika Kusini mwaka 1938. Kuanzia 2003 wavuvi wa maeneo haya walianza kumnasa kwenye majarife wanayotega kilindini kwa ajili ya papa, na 2009 ikaanzishwa hifadhi ya bahari ya kumlinda. Ami anasema hana maana mezani, nyama ina mafuta mengi mno.

Siku ya pili ndiyo iliyonifanya niandike haya yote. Ratiba iliyochapishwa ilisema hivi: asubuhi baiskeli, chakula cha mchana, saa nane kutembea kwa miguu chini ya miamba, kufuata ufuko kuelekea kusini. Ami aliisoma kwa sauti wakati wa chai, akaikunja akaitia mfukoni. Akauliza, "Leo mwezi ngapi?" Tukamwambia tarehe kumi na ngapi sijui. Akasema hapana, mwezi, wa juu. Hakuna aliyejua. "Mwezi kumi na tano. Bamvua, maji makubwa. Saa nne maji yamekupwa kabisa, saa kumi yamejaa kabisa. Saa nane mkiwa chini ya mwamba, mtapanda wapi?"

Akapiga simu ofisini. Tulisikia upande wake tu. Alisikiliza sana, akasema "ndiyo, naelewa" mara tatu, kisha akasema: "Karatasi yenu haina mwezi." Akakata.

Basi tukatembea asubuhi. Saa mbili tulishuka ufukoni, maji yanakimbia, na ilipofika saa nne bahari ilikuwa imekwenda mbali hadi mawimbi yanasikika kuliko yanavyoonekana. Mwamba wa matumbawe upande wa kulia umeliwa chini na maji, umeinama juu yetu kama bati la kibanda. Miguuni ni jiwe lenye meno. Vaeni viatu vya kufunga, ndala hazifai. Wanawake wa vijiji vya karibu walikuwa wametapakaa kwenye mwamba ulioachwa wazi, kanga zimefungwa magotini, kila mmoja na kijiti chenye ncha. Ami alichuchumaa mahali ambapo mimi niliona mawe tu. Palikuwa na rundo la maganda ya chaza na kaa mbele ya kitundu, kama takataka nje ya mlango wa jikoni. "Huyu yumo ndani na amekula jana." Hakumgusa. Alimwita mama mmoja aliyekuwa karibu, naye akaja na kijiti chake, na baada ya kubishana kidogo na tundu akamtoa pweza, mkono mmoja wa pweza umemkamata kiwiko. Akatushukuru kwa kumwonyesha. Ami akasema, "Ah, yako hiyo."

Alasiri, tukiwa juu kwenye baiskeli, njia ilipita ukingoni mwa ule mwamba. Ilikuwa saa kumi na kitu. Ami akasimama bila kusema, nasi tukasimama. Ule ufuko tulioutembea haukuwepo. Maji yalikuwa yanapiga mwamba wenyewe, ukuta mtupu, hakuna pa kuweka hata unyayo. Yule bwana wa Arusha alitazama chini kwa muda mrefu, kisha akamuuliza mkewe kama anajua kuogelea. Hajui.

Sijui ni wangapi wamewahi kuifuata karatasi ile kwa mpangilio wake siku ya bamvua. Niliwauliza ofisini kwa barua pepe na swali hilo hawajalijibu.

Pangani ni mji wa kupewa siku nzima, wao wanaupa asubuhi moja. Nyumba za zamani zenye milango ya nakshi, nyingine miti imeota kwenye roshani, na mto mpana wenye rangi ya chai ya maziwa, ambao maji yake yanatoka Kilimanjaro na Meru. Hapa ndipo mwaka 1888 Wajerumani wa ile kampuni yao ya biashara walipotaka kupandisha bendera yao, pwani ikawaka, na hapahapa ndipo Abushiri bin Salim, aliyeongoza mapambano dhidi yao, aliponyongwa Desemba 1889. Haya nilisoma shuleni nikajibu mtihani nikasahau. Kuyasikia umesimama kando ya mto huku mtu anakuuzia kashata ni habari nyingine.

Tukavuka kwa pantoni kwenda Bweni, baiskeli zimeegemezwa ukingoni pamoja na magunia na mbuzi wawili. Ng'ambo njia inapita Kikogwe, ambako mkonge wa kwanza nchini ulipandwa baada ya Mjerumani Hindorf kuuleta kutoka Florida mwaka 1893. Miche iliyofika hai ilikuwa 62. Ukishaendesha siku tatu katikati ya mistari ya mkonge isiyoisha, namba hiyo inakuchekesha. Gari la mizigo lilichelewa kutufikia Ushongo kwa saa tatu, tukala chakula cha usiku na nguo za jasho. Walisema pantoni. Sisi tulivuka na pantoni hiyohiyo.

Maziwe siku ya nne. Bahari ya kusi si ya mchezo, mdogo wangu alitapika kwenda na kurudi. Lakini kisiwa! Zamani kilikuwa na mivinje. Sasa ni fungu la mchanga mweupe linalozama maji yakijaa, kwa hiyo kasa wakitaga pale mayai huhamishiwa Ushongo yasife maji. Tulifika saa nne na nusu, mchanga ndio kwanza unajitokeza, tukashuka mahali ambapo saa moja nyuma palikuwa bahari. Matumbawe ni mazuri, leteni miwani yenu ya kuzamia, ya kwao inavuja. Na hapo mashuani ndipo tulipoambiwa kwamba ada ya hifadhi haimo kwenye bei. Kwenye tangazo waliandika "gharama zote". Nimehifadhi picha ya tangazo.

Madai yangu kwao ni hiyo ada, na nusu ya kodi ya baiskeli. Wamekubali ada, wanasema baiskeli "zilikaguliwa". Maji ya kunywa walitoa lita moja na nusu kwa mtu kwa siku, haitoshi hata nusu ya kilomita zile, tulinunua dukani.

Kwa nyota zenu hizi za kubofya, Ami ningempa tano, baiskeli moja, na ratiba sioni nyota ya kuwapa mpaka waweke mwezi ndani yake. Ukikata shauri kwenda nao, usilipe kabla ya kuuliza nani atawaongoza. Wanaye kiongozi mwingine, kijana, mchangamfu, anajua vizuri kupiga picha.

Nimeshaandikisha majina mawili kwa Januari, upepo uwe nyuma, na nimemwambia Ami anichagulie yeye siku. Baiskeli naenda na yangu. Mwenye kujua basi la Dar kwenda Tanga linalopokea baiskeli buti bila kunilipisha kama abiria, aniandikie hapo chini.