Kutoka Windows 10 hadi Linux Mint: uzoefu wangu katika sekretarieti ya Nyawera, Bukavu

Sekretarieti yangu ya Nyawera, hapa Bukavu, inaishi kwa kuandika na kuchapa kazi za watu: TFC (kazi za kumaliza masomo) za wanafunzi, barua za kuomba kazi, kadi za mialiko ya harusi na ripoti za mashirika madogo. Kazi hiyo yote ilifanyika kwenye Windows, na huenda nisingefikiria kubadili lau Microsoft isingeacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta zangu, ambazo nilizinunua zikiwa zimekwisha kutumika Ulaya, zina kichakataji cha Intel Core i3 cha kizazi cha nne na kumbukumbu ya gigabaiti 4. Windows 11 inadai kichakataji cha Intel cha kizazi cha nane au zaidi, pamoja na kipande cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na mashine hizo hazina hiki wala kile. Zipo mbinu za kuulazimisha mfumo ukubali kusakinishwa hata hivyo, lakini mimi hupokea flashi za watu nisiowajua kutwa nzima, na sikuona busara kuweka kazi za wateja juu ya mfumo ulioingizwa kwa nguvu.

Nilichagua Linux Mint 22, mfumo wa kompyuta wa bure unaochukua nafasi ya Windows, katika toleo lenye mwonekano mwepesi uitwao Xfce. Mint ilianzishwa mwaka 2006 na Mfaransa Clément Lefebvre, imejengwa juu ya Ubuntu, mfumo mwingine wa Linux, na toleo hili limeahidiwa masasisho ya usalama hadi mwaka 2029. Niliipendelea kwa kuwa menyu yake iko chini kushoto, mahali mikono yetu ilipozoea, na kwa kuwa Xfce haina makuu. Faili yake ya kusakinishia ina takriban gigabaiti 3, na kwa bei ya mega za intaneti hapa kwetu hilo si jambo dogo. Niliipata kwa flashi kutoka kwa kijana anayesomea informatiki, kisha nikalinganisha alama zake za utambulisho, ziitwazo sha256, na zile zilizotangazwa na Mint yenyewe, kwa sababu faili iliyopita katika mikono mingi inaweza kuwa imechezewa bila mtu kuona.

Jambo lililonipa moyo ni kwamba Mint huwaka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Nilifungua mashine kwa njia hiyo, nikaangalia kama Wi-Fi inashika, kama sauti inatoka na kama kibodi ya AZERTY, ile ya Kifaransa, inaandika é na ç ipasavyo, kisha ndipo nikasakinisha. Usakinishaji wenyewe hauna la kusimulia. Unachagua Kifaransa, unachagua diski, unasubiri.

Wepesi wake ulionekana mara moja. Mashine ikiwa imewaka tu, bila programu yoyote kufunguliwa, hutumia karibu gigabaiti 1 ya kumbukumbu, kwa hiyo LibreOffice, programu za ofisi ninazotumia badala ya Word na Excel, na kivinjari hupata nafasi ya kupumua. Mtu asidanganywe lakini: ukifungua kurasa nyingi za Firefox kwa pamoja, gigabaiti 4 zitajaa kwenye Mint kama zilivyojaa kwenye Windows. Faida kubwa zaidi kwangu iko kwenye masasisho. Mint hunionyesha orodha, pamoja na ukubwa wa kila kitu, kisha hungoja nibonyeze, hivyo ninayashusha usiku kwa mega za bei nafuu. Zamani forfait (kifurushi cha intaneti) ya siku ilikuwa ikiyeyuka asubuhi kabla mteja wa kwanza hajaingia. Umeme nao ukikatika ghafla, jambo ambalo mkazi wa Bukavu hahitaji kuelezwa, mashine hurudi bila kukaa muda mrefu ikijikagua.

Kuna faida moja ambayo sikuitarajia, nayo imeniletea wateja. Virusi vinavyozunguka kwenye flashi huzificha folda za mwenyewe na kuweka mahali pake njia za mkato za uongo. Akibonyeza, virusi vinaingia kwenye kompyuta. Njia hizo za mkato hazifanyi kitu kwenye Linux, na alama ya kuficha inayowekwa na Windows haizingatiwi. Mwanafunzi mmoja alikuja akidhani sura zote za kazi yake zimepotea. Nilipochomeka flashi yake, folda isiyo na jina ilijitokeza hapo hapo, na ndani yake sura zote zilikuwepo. Nilizinakili kwenye diski, nikaisafisha flashi na kuzirudisha. Aliuliza tu, “Papa, hii ni Windows ya wapi?”

Sasa nije kwenye taabu, kwa sababu zipo, na nyingi hutokana na kazi zilizoandikwa kwa Word na watu wengine. Maandishi ya kawaida hayana shida. Badala ya Times New Roman, LibreOffice hutumia aina ya herufi iitwayo Liberation Serif, ambayo herufi zake zina upana uleule, kwa hiyo mistari haihami. Kwa Calibri na Cambria, hakikisha aina za herufi za Carlito na Caladea zimesakinishwa, la sivyo ukurasa wa 40 utajikuta ukurasa wa 42 na jedwali la yaliyomo litasema uongo. Kinachovunjika ni jalada la TFC: fremu yenye mapambo, visanduku vya maandishi vilivyopangwa kwa jicho, nembo ya chuo iliyosukumwa kwa nafasi tupu. Siku hizi, mteja akija kuchapa tu, ninamwomba alete PDF. Akileta docx, tunapitia jalada pamoja kwenye skrini kabla sijatoa karatasi hata moja.

Kadi za harusi ndizo zilizonisumbua zaidi. Violezo vyangu vyote vilikuwa vya Publisher, programu ya Microsoft ya kupangia kurasa. LibreOffice Draw huzifungua faili hizo, lakini majina ya maharusi yanaweza kuangukia juu ya maua, na hakuna mama wa bibi harusi atakayekubali hilo. Nilivitengeneza upya vile vinavyopendwa kwa Inkscape, programu ya kuchorea, kazi ya subira, na sasa matokeo yake ni safi kuliko ya kwanza.

Printa zilinifunza kutofautisha. Ile ya leza ya zamani, ya kampuni ambayo sitaitaja, inategemea kiendeshi (programu inayounganisha printa na kompyuta) kilichoandikwa kwa Windows, na kile cha Linux kilichotolewa na kampuni hiyo kilikwama kila baada ya kurasa chache. Printa ya HP tuliyo nayo ilitambuliwa yenyewe kupitia HPLIP, programu ya printa za HP kwenye Linux, na skana yake ikafanya kazi bila mimi kutafuta chochote. Anayefikiria kuhama achomeke printa yake wakati bado anajaribu kwa flashi, achape ukurasa wa rangi na kuskani kitambulisho kimoja, kabla hajaigusa diski.

Nimebakiza mashine moja yenye Windows 10 kwa sababu mbili: ile printa ya leza, na faili za Excel za shirika moja zenye makro (amri zinazojiendesha ndani ya faili) ambazo LibreOffice Calc haizitekelezi zote. Nimeiondoa kwenye intaneti, na kazi huletwa kwa flashi ambayo imepitia kwanza kwenye Mint. Msaidizi wangu, aliyekuwa mkali zaidi dhidi ya mabadiliko haya, ndiye sasa hukwepa kukaa kwenye mashine hiyo kwa sababu inachelewa kuwaka.