Delling Rembran: Adui Asiye na Roboti

Jamani karibuni, karibuni sana. Leo salamu zitakuwa fupi kwa sababu hili jambo limenikaa kifuani tangu juzi usiku. Nimemaliza kwa mara ya tatu Mobile Suit Gundam: The Witch from Mercury, na safari hii sikumfuatilia Suletta, yule msichana steringi, wala roboti yake. Nilimfuatilia mzee mmoja tu, Delling Rembran. Bosi wa Kundi la Benerit, muungano wa makampuni yanayotengeneza roboti za vita. Nataka tumchambue huyu mtu leo kwa sababu nampenda mno kama adui, na kwa sababu waandishi wamenifanyia kitu nyuma huko ambacho mpaka sasa sijawasamehe. Tutafika.

Wageni, haraka haraka: ni anime ya Sunrise, sehemu 24, ilirushwa Japani kuanzia Oktoba 2022 hadi Julai 2023, na ndiyo Gundam kuu ya kwanza ya televisheni ambayo steringi wake ni msichana. Mengine mnayajua. Nitafichua mambo, kwa hiyo kama hujaiona, simamisha hapa, kaiangalie, urudi. Na ukianza, tafadhali, anza na Prologi, ile sehemu ya utangulizi inayokuja kabla ya sehemu ya kwanza. Kuna watu wanaruka Prologi wanakwenda moja kwa moja sehemu ya kwanza, halafu wananiandikia kwamba Delling ni baba mkali tu. Baba mkali! Ndugu yangu, umeruka mauaji.

Sasa angalieni hapa mezani. Hii ni Aerial, roboti ya Suletta, ile ya kuunganisha, daraja la HG (High Grade), kipimo cha 1/144. Kule Japani ilipotoka 2022 bei yake ilikuwa yeni 1,430. Mimi mpaka inanifikia hapa Dar, pamoja na usafiri na ushuru, ilikuwa imeshapita mara nne ya hiyo, na bado sijutii, viungo vyake vinakunjika vizuri kweli kweli. Ona goti hili. Ona. Lakini sikuileta ili tuongelee goti. Nimeileta kwa sababu ukienda kwenye duka lolote la hivi vitu utakuta roboti za wanafunzi wenzake Suletta: Dilanza ya Guel, Pharact ya Elan, Michaelis ya Shaddiq. Tafuta ya Delling. Haipo. Katika hadithi ambayo kila mwenye nguvu ana mashine yake, huyu ambaye wote wanamwogopa hana mashine. Hapandi popote, hafyatui chochote. Ana kiti, ana sauti, basi.

Na sauti yenyewe! Naoya Uchida. Waliokulia kwenye Naruto, mnaijua sauti hiyo, ndiyo ya Madara. Lakini Madara anaongea kama mtu anayefurahia vita. Hapa Uchida kaishusha, kaikausha.

Haya, twende kwenye Prologi. Naomba mnivumilie, hapa nitakaa.

Tuko miaka 21 kabla ya hadithi yenyewe, kwenye kituo cha angani kinaitwa Fólkvangr. Pale kuna taasisi ya Vanadis, inaongozwa na mwanamama anaitwa Cardo Nabo. Wanachotengeneza kinaitwa GUND, na mwanzo wake ni tiba. Viungo bandia. Elnora, mama wa mtoto mtakayemwona sasa hivi, mkono wake wa kulia ni wa bandia kwa teknolojia hiyohiyo. Cardo anaamini miili yetu haikuumbwa kwa ajili ya angani, na GUND itawasaidia watu waweze kuishi kule. Lakini fedha zimetoka kampuni ya silaha, Ochs Earth, na kampuni ya silaha haikulishi bure, inataka silaha. Ndiyo ikazaliwa Gundam, roboti ya vita yenye GUND ndani yake. Na Gundam ina tatizo: ukiiendesha kwa nguvu kubwa, data inarudi mwilini mwako kama dhoruba, inakuua.

Siku hiyo ni siku ya kuzaliwa ya Ericht, binti wa Elnora. Anatimiza miaka minne.

Sasa Delling anasimama kuhutubia. Wakati huo hajawa rais wa Benerit, ni mwanajeshi wa zamani aliyepewa kusimamia chombo cha kukagua hizi mashine. Na anaongea nini? Nisikilizeni, maana huu ndio ufundi wenyewe. Hatukani. Hasemi nataka utajiri. Anasema silaha kazi yake ni kuua, na anayeua lazima aibebe dhambi hiyo kwa mikono yake. Mashine inayomuua adui na kumuua hata anayeiendesha, hiyo ni laana, lazima izuiwe.

Simamisha hapo. Rudisha nyuma kidogo. Sikiliza tena ile sentensi ya laana.

Mnaona? Ni hoja nzuri! Mara ya kwanza nilipoiangalia nilikuwa natikisa kichwa kukubali. Ungeniweka kwenye ule ukumbi na mimi ningepiga kura ya kupiga marufuku Gundam. Si kweli zinawaua marubani? Kweli. Si kweli mtu akiua ahesabu alichofanya? Kweli kabisa.

Achia iendelee. Angalia kinachofuata kwenye kioo. Delling bado anaongea, sauti ileile, na picha inahamia Fólkvangr, na askari wameshaingia. Wameshaingia! Hotuba haijaisha. Kumbe haombi kura, anatoa taarifa. Kikosi cha Dominicos kipo pale na kifaa chao cha Antidote, ambacho kinazizima Gundam zisifanye kazi, na watu wa taasisi wanapigwa risasi. Cardo anauawa. Wanasayansi wanauawa. Waliotengeneza mikono na miguu ya watu wanauawa, huku mzee anatueleza habari za kubeba dhambi kwa mikono yako mwenyewe.

Mikono yake yeye iko wapi? Iko kwenye jukwaa la hotuba. Hilo ndilo lililonitoa usingizini juzi. Maneno yake yote ni ya mtu anayetaka muuaji aone anachofanya, na yeye hayupo pale. Hakioni kile kituo. Hamwoni Ericht.

Na Ericht, jamani. Mtoto wa miaka minne yuko ndani ya ile Gundam na mama yake, anainyooshea kidole mashine ya askari, inalipuka. Nyingine, inalipuka. Anamwambia mama yake, tazama, kama mishumaa. Mishumaa ya keki! Baba yake, Nadim, amebaki nyuma kuwazuia askari ili mkewe na mwanawe watoroke, na anamwimbia mwanawe wimbo wa siku ya kuzaliwa kwenye redio huku anakufa. Nimeiona mara tatu. Mara zote tatu nimesimamisha hapo nikaenda kunywa maji.

Na haya yote yamefanywa na mtu ambaye hakupandisha sauti.

Mimi nimekulia kibanda umiza. Maadui wetu tuliwajua tangu wanaingia: anacheka kwa nguvu, ana sigara, anampiga mtu wake mwenyewe kofi kuonyesha yeye ni mbaya, na ile sauti ya kutafsiri inakuambia kabisa, huyu ndiye adui. Niliwapenda, nawapenda mpaka leo. Ila hakuna hata mmoja aliyewahi kunifanya nikubaliane naye kwa dakika mbili kabla ya kunionyesha maiti.

Najua mtaniuliza kuhusu Faraday wa Cyberpunk: Edgerunners, maana ilitoka Netflix Septemba 2022, wiki chache tu kabla ya hii, na watu wanawalinganisha. Faraday ni mzuri. Studio Trigger walimfanyia kazi, yale macho yake ukiyaona mara moja huyasahau. Lakini Faraday ni dalali. Anauza watu ili apate nafasi Arasaka, ile kampuni kubwa, anatafuta kiti mezani. Delling meza ni yake. Halafu kuna Senguji wa Psycho-Pass, yule bosi aliyebadilisha mwili mzima kuwa mashine akabakiza ubongo, anawinda watu kwa bunduki kama swala. Huyo anatisha, sikatai. Ila anafurahia, na mtu anayefurahia unamjua kabisa ni mgonjwa. Delling hafurahii chochote. Unamtafutia ugonjwa, unakuta ratiba ya vikao.

Nilisema mwanzo kwamba nampenda mno kama adui. Sasa hapa katikati nisiwadanganye, kuna wakati Peil wananitikisa. Wale wakurugenzi wanne wa Peil Technologies, wale wamama wanaoongea kwa kupokezana. Wanachukua kijana, wanambadilisha sura awe Elan, wanamweka ndani ya Gundam inayomla mwili, akishindwa pambano wanamchoma moto. Huyo kijana ni Elan Namba Nne. Sehemu ya sita. Suletta anamsubiri huku wameahidiana wakutane. Sikuwa na hali nzuri siku ile. Hao nao wanastahili video yao, na nitaifanya.

Turudi kwa mzee. Kwenye hadithi kuu sasa ni rais wa Benerit, na amemweka binti yake, Miorine, kuwa zawadi. Ndiyo, zawadi. Shuleni Asticassia wanafunzi wanapigana kwa roboti, anayekuwa bingwa anavaa sare nyeupe na anakuwa mchumba wa Miorine. Hakuulizwa. Yeye yuko kwenye banda lake la nyanya, alizoachiwa na mama yake, wanaume wanaingia wanavunja. Halafu sehemu ya pili anaingia katikati ya kikao cha baba yake na wakurugenzi wote, anamsema mbele yao: sheria umeziweka wewe na unazivunja wewe. Nilisimama. Nilisimama kabisa.

Na sehemu ya saba, pale kwenye sherehe ya wawekezaji. Miorine anatangaza kampuni ya kuifufua GUND, teknolojia ileile ambayo baba yake aliua watu kuizima. Kwenye kioo hakuna hata mmoja anayeweka fedha. Anamfuata baba yake, anainamisha kichwa, anamwomba. Na Delling anaweka. Wa kwanza. Akishaweka yeye, ukumbi mzima unafuata. Hapo ndipo mnapouona uwezo wake halisi: watu mamia wenye fedha zao wanamwangalia mmoja kidole chake kinakwenda wapi. Sikiliza ule ukimya kabla hajaweka. Nauweka mara mbili. Umeusikia?

Sasa kero yangu. Mwishoni mwa nusu ya kwanza, iliyoisha na sehemu ya 12, Januari 2023, kituo cha Plant Quetta kinashambuliwa. Delling anamkinga binti yake kwa mwili wake, anajeruhiwa vibaya. Nzuri sana, sina neno. Kinachonikera ni kilichofuata: nusu ya pili inaanza Aprili, na mzee amelala. Hana fahamu. Sehemu baada ya sehemu yuko kitandani, na hadithi inamsafisha akiwa amelala! Tunaletewa Quiet Zero, mpango wake na Prospera, yule mama mwenye kinyago, wa kukomesha vita, tunaambiwa chimbuko lake ni marehemu mkewe, Notrette, na taratibu tunaombwa tumwonee huruma. Lakini nani amemuuliza habari za Fólkvangr? Prospera ni Elnora! Ni mke wa yule aliyekufa akiimba. Amekaa meza moja na Delling, wamepanga kazi pamoja, miaka yote hiyo anatabasamu nyuma ya kinyago. Nilitaka nusu saa moja tu ya wale wawili, macho kwa macho, amwambie, mume wangu aliimba wimbo huu. Uniimbie. Hiyo nusu saa hatukupewa, na sehemu 24 zilikuwa zinaitosha.

Kwa hiyo alama zangu: Delling wa Prologi na nusu ya kwanza, tisa na nusu kwa kumi. Delling wa kitandani, nne. Anime yenyewe bado naipa nane, na bado nasema tumieni bando lenu kwa hii kabla ya nyingi zilizotoka mwaka ule. Manukuu ni ya Kiingereza, najua wengine yanawachosha, ndiyo maana nimeanza kuandika muhtasari wa Kiswahili wa kila sehemu. Prologi na sehemu tatu za kwanza ziko tayari, nimeziweka hapo chini kwenye maelezo.

Kuanzia mwezi huu video zitakuwa Jumamosi saa mbili usiku badala ya Ijumaa, wengi mliniomba. Bonyezeni kengele. Na niandikieni: mngemkalisha Delling mbele ya Elnora, swali la kwanza lingekuwa lipi? Nitayasoma yote. Jumamosi tunaingia kwa wale wamama wanne wa Peil, na tutaanza na Namba Nne.